Mfupa ukivunjika, angalia kucha kwanza

Ukiniletea mtu aliyevunjika mkono, siangalii pale palipovunjika. Naangalia kucha. Naibonyeza mpaka iwe nyeupe, naachia, nahesabu. Rangi irudi kabla sijamaliza kutamka "mbili". Ikichelewa, mengine yote yanasubiri. Nimekaa chumba cha plasta cha hospitali moja hapa Moshi miaka 31, sasa nimestaafu, na bado majirani wa Rau wananiletea watu mlangoni wamefungwa kanga na vipande vya mbao. Nimeona niandike, labda nitapunguziwa hodi za usiku.

Jambo ambalo watu hawaliamini nikiwaambia: mfupa hujiunga wenyewe. Daktari haungi, mimi mfunga plasta siungi, na mganga wa mifupa naye haungi. Damu inavuja pale palipovunjika, inaganda, ganda lile linageuka gegedu laini, gegedu linageuka mfupa. Kazi yetu ni kuunyoosha na kuushikilia usicheze, huku tukilinda nyama, ngozi, mishipa ya damu na ya fahamu inayouzunguka. Mfupa ukiunga upogo kidogo mtu anaishi nao. Nyama ikifa, mkono umekwenda.

Nimfuate mtoto mmoja wa Kibosho, wa miaka saba. Alianguka Jumamosi kutoka juu ya mparachichi, akajikinga kwa mkono ulionyooka, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Msimu wa parachichi huo ndio mvunjiko wa watoto wa umri ule. Jumatatu bibi yake akamleta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ameshafungwa vizuri, mimi nataka apigwe picha tu tuondoke."

Mkono ulikuwa umezungushiwa vibanzi vya mianzi na kukazwa kwa magome ya mgomba, kuanzia karibu na bega hadi kifundo. Kazi nadhifu kweli, sikatai. Lakini vidole vilivyochomoza vilikuwa vimevimba, vya baridi, rangi ya zambarau. Nikamnyoosha kidole cha kati, kidogo tu, kama mtu anayefunua ukurasa. Akapiga ukelele korido nzima ikageuka. Sikusubiri picha. Nilichukua mkasi nikayakata yale magome pale pale kwenye benchi, bibi ananitolea macho. Usiku ule alipelekwa tieta, akapasuliwa ngozi ya kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, pamoja na utando mgumu unaofunika misuli, ili uvimbe upate pa kutokea. Mkono ulibaki. Mfupa uliunga ukanyooka. Vidole viwili mpaka leo havinyooki sawasawa.

Sababu ni kwamba misuli ya kigasha, na ile ya ugokoni, imekaa ndani ya mifuko isiyotanuka. Uvimbe ukiongezeka na nje umekazwa, damu inakosa njia. Misuli ikikaa saa sita hivi bila damu huanza kufa, na ikifa haifufuki. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na hali: dawa ameshameza, mkono umetulia, bado mtu analia, na ukimnyooshea kidole analia zaidi. Ganzi inafuata, kisha vidole vinakataa kucheza. Ukisubiri mpaka mapigo ya kifundo yapotee, umeshachelewa.

Simtukani mganga wa mifupa. Nimewaona wanaonyoosha mfupa kwa mikono mitupu vizuri kuliko baadhi ya vijana wetu waliotoka chuo jana. Kosa lao ni moja: wanafunga kwa kuzungusha, wanakaza, wanaachia wiki. Mkono mbichi haufungwi hivyo, hata na sisi.

Kabla ya kufika hospitali

Vua pete, bangili na saa mara moja. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka niliostaafu niliteleza kwenye tope la masika nikienda kumpa ng'ombe majani, nikatua na kiganja. Nilipotazama kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda kama uma uliolazwa kifudifudi. Ni mvunjiko ambao daktari wa Ireland, Abraham Colles, aliueleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa kutazama na kupapasa tu. Nilijua jina lake, nilijua atakayenifunga, na bado nikamalizia kumlisha ng'ombe kwanza. Nilipofika, pete ya ndoa ilikuwa imezama ndani ya uvimbe. Ilikatwa kwa koleo. Mume wangu hakusema kitu, alikiangalia tu kile kipande.

Gango lolote linafaa, iwe boksi lililokunjwa, ubao au mto, ilimradi lishike kiungo cha juu na kiungo cha chini ya palipovunjika. Ugoko ukivunjika, shika goti na kifundo. Funga kwa kitambaa kipana, usifunge juu ya mvunjiko wenyewe, kisha rudi kwenye kucha. Ukifunga na kucha zikapauka, legeza.

Mkono au mguu uliopinda vibaya, usijaribu kuunyoosha barabarani. Uegemeze kama ulivyoukuta.

Kukiwa na kidonda, funika kwa kitambaa safi na ubane damu. Usitie unga wa kahawa, majivu wala dawa ya meno. Mfupa ukichungulia nje usiusukume ndani, maana utaingia na mchanga wake.

Na tafadhali, chai ya maziwa iacheni. Watu wetu mtu akianguka tu kikombe kimeshafika. Akihitaji kulazwa usingizi tieta, tumbo likiwa limejaa atasubirishwa saa kadhaa kwa ajili ya kikombe kimoja.

Ajali ya barabarani ina fomu yake, PF3 ya polisi. Majeruhi aende hospitali, ndugu mmoja aende kituoni kuifuata. Msimkalishe mtu anayevuja damu kwenye bajaji nje ya kituo.

Daktari anaposema "aina", anamaanisha nini

Swali la kwanza ni ngozi. Ikiwa nzima, mvunjiko umefungika. Ikiwa na tundu linalofika kwenye mfupa, hata dogo kama punje ya mahindi, ni mvunjiko wa wazi, na hiyo ni dharura. Madaktari Gustilo na Anderson waliupanga mwaka 1976 kwa madaraja ambayo bado tunayatumia: la 1 kidonda hakifiki sentimita 1, la 2 kimezidi hapo lakini nyama haijasagika sana, la 3 nyama imeharibika, mara nyingi kidonda kimezidi sentimita 10, au mshipa mkubwa wa damu umekatika. Wote wanahitaji antibiotiki mapema kabisa, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, sindano ya pepopunda, na kuoshwa tieta kwa maji mengi. Kuoshwa kwenye beseni wodini hakuhesabiki.

Pili ni mchoro wa ufa, na mchoro unasema ajali ilivyokuwa. Bampa likikugonga ugokoni, mfupa unakatika kwa kukingama. Mguu ukibanwa kwenye shimo la uwanja huku mwili unazunguka, ufa unazunguka nao kama nyuzi za parafujo. Pikipiki kwa mwendo mkali barabara ya Arusha, unapata vipande vipande. Wanaopanda miringaringa na miti mingine kukata majani ya ng'ombe hutua kwa visigino; mtu wa hivyo akija analalamikia kisigino, mpapase na mgongo na nyonga, kwa sababu nguvu ile ile imepanda juu.

Mtoto ana yake. Mfupa wake ni kama kijiti kibichi cha mpera, unapasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili. Halafu karibu na ncha kuna bamba la gegedu ambalo mfupa unakulia. Salter na Harris wa Kanada walizipanga ajali za bamba hilo katika aina tano mwaka 1963. Mzazi hana haja ya kuzikariri. Ajue tu kwamba mtoto aliyeumia karibu na kiungo hatakiwi kuambiwa "umeteguka" bila picha, maana bamba likiumia mguu unaweza kukua mfupi au upande. Na mtoto ambaye hajaanza kutembea akiletwa na paja lililovunjika, ulizeni vizuri nani alikuwa naye.

Ipo pia mifupa inayovunjika bila sababu ya maana. Mtu anageuka kitandani, paja linalia "ta!". Hapo mfupa ulikuwa mgonjwa kabla: uzee umeupunguza, au kuna saratani, au maambukizi ya siku nyingi. Atibiwe mvunjiko, na chanzo kitafutwe.

Nyonga na paja, hapa ndipo watu hufa

Mguu uliochomoza mfupa unatisha macho. Nyonga inaua kimya kimya. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Paja likivunjika, hata bila tundu, lita 1 hadi 1.5 inaweza kuvujia ndani ya nyama, unaona tu paja limenenepa. Nyonga ikivunjika vibaya, lita 2 na zaidi zinaingia tumboni kwa chini na hakuna tone nje.

Nyonga ni pete ya mifupa. Pete ngumu haivunjiki mahali pamoja, jaribu na bangili ya udongo. Kwa hiyo daktari akiona ufa mbele anatafuta wa pili nyuma. Anauliza nguvu ilitoka wapi. Ikitoka ubavuni, kama abiria aliyegongwa mlangoni, pete inabanwa, na nyingi za namna hii hutulia. Ikitoka mbele, pete inafunguka kama kitabu, na hiyo ndiyo inayovuja sana. Mtu akianguka kutoka juu akatua mguu mmoja, nusu ya nyonga inapanda juu ya nyingine, na hiyo ni mbaya kupita zote.

Unachoweza kufanya barabarani ni kukifunga kitabu. Kunja kanga au shuka iwe na upana wa shubiri moja, ipitishe chini ya mtu bila kumbingirisha, uifunge kwa nguvu. Mahali ndipo wengi hukosea: wanafunga kiunoni. Kiunoni haisaidii. Simama, teremsha mikono pembeni, papasa pande za mapaja kwa juu, utakuta vifundo viwili vigumu vya mfupa. Kanga ipite hapo. Fundo likilegea, penyeza kijiti ulizungushe. Kisha funga magoti pamoja. Usiibonyeze nyonga kupima kama inacheza, kila ukiibonyeza unalivunja ganda la damu. Ukiona damu kwenye njia ya mkojo, mwambie daktari kabla mgonjwa hajawekwa mpira wa mkojo.

Nyonga iliyotulia hutibiwa kwa dawa ya maumivu, kitanda kwa siku chache, halafu magongo kwa wiki 6 hadi 12. Bibi wa miaka 80 aliyeanguka bafuni akapata ufa wa mbele tu, msimfungie chumbani. Atembezwe na kigari chake mapema. Iliyofunguka huwekewa vyuma vya nje, vile watu wanaviita antena, au sahani za chuma ndani, na hiyo si kazi ya kila hospitali, kwa hiyo rufaa isibishiwe.

Msichanganye hiyo na kuvunjika shingo ya paja, ambako wazee wetu huanguka usiku wakienda chooni. Mguu unaonekana mfupi na kidole gumba kinatazama nje. Hapo dawa ni upasuaji, na siku mbili za mwanzo ni bora kuliko wiki ya pili. Nimesikia sana familia zikisema, "Meku ni mzee, mwacheni apumzike." Kitanda hakimpumzishi meku, yaani babu. Kinampa vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda mguuni.

Paja la kijana lina njia mbili. Ya zamani ni kuvuta: pini inapitishwa kwenye mfupa juu ya ugoko, kamba, kapi, na uzito usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 anavutwa na kilo 7. Kitanda kinainuliwa kwa matofali upande wa miguu, ili mwili wenyewe uwe mzani wa upande wa pili. Ndugu msiyatoe matofali mkiona mgonjwa analalia kichwa chini, yamewekwa makusudi. Na anayefagia asiuweke mzigo juu ya stuli. Nimewahi kukuta mzigo umekalia stuli toka asubuhi, mgonjwa anafurahi kwamba leo hamna maumivu. Njia hii ni wiki 6 hadi 12 kitandani, na kwa mtu mwenye watoto wa kulisha hiyo ni adhabu.

Ya pili ni msumari ndani ya uboho. Daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 kutengeneza msumari ambao skrubu zake zinaingizwa kwa kufuata kielekezi cha nje, bila mashine ya eksirei tieta. Ndiyo maana umeenea kwenye hospitali za nchi kama yetu. Mtu aliyewekewa anasimama na magongo baada ya siku chache. Ukipewa nafasi ya msumari na afya inaruhusu, mimi nasema chukua. Mtoto mdogo hahitaji. Paja lake huunga kwa kuvutwa wiki chache na kufungwa hogo, yaani plasta ngumu, la kiunoni.

Mengine nitayapita haraka. Mtulinga, mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, unatosha kwa kitambaa cha shingoni, huunga na kuacha uvimbe mgumu ambao si ugonjwa. Mkono wa juu ukivunjika, angalia kama mtu anaweza kuinua kiganja. Kikilegea mshipa wa fahamu umeguswa, na mara nyingi hurudi wenyewe ndani ya miezi. Kigasha cha mtu mzima kilichovunjika mifupa yote miwili mara nyingi kinataka sahani, maana kikiunga upogo hataweza kugeuza kiganja kupokea chenji.

Hogo lenyewe

Plasta ya bendeji aliitangaza daktari wa jeshi wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1852, na haijabadilika sana. Pamba kwanza, nene kwenye vifundo vya mifupa. Rola inazamishwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yaishe, inakamuliwa kidogo, inaviringishwa bila kuvutwa. Maji ya moto yanaigandisha upesi na kumuunguza mtu. Unalainisha kwa viganja, kamwe si kwa ncha za vidole, kila kidole kinaacha bonde na bonde linachimba kidonda. Mvunjiko wa leo unafungwa nusu, upande mmoja, au hogo zima linapasuliwa kwa urefu. Ukifungwa hogo zima siku ya ajali na halijapasuliwa, una haki ya kuuliza.

Linaganda kwa dakika chache lakini linakauka kwa siku mbili. Siku hizo lilaze juu ya mto, usiliegemeze kwenye ukingo wa meza. Mkono au mguu uwe juu kuliko moyo. Vidole vicheze kila saa, hata kama vinauma. Maumivu yakizidi, vidole vikipauka au kufa ganzi, rudi usiku huo huo, usingoje klinika ya Jumatano. Likinuka au likitoa unyevu, rudi. Likiwasha, pulizia hewa. Usipenyeze sindano ya kufumia, nimetoa hogo nikakuta sindano, vifuniko vya kalamu na mara moja punje ya maharage ikiwa imeanza kuota.

Muda: mkono wa mtu mzima wiki 6 hivi, mguu wiki 12 au zaidi, mtoto karibu nusu yake. Sigara inachelewesha. Supu ya makongoro mnayoleta wodini ni nzuri, ila haiendi moja kwa moja mfupani kama mnavyodhani. Maharage, mayai, dagaa na maziwa vinafanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, isubiri mpaka magongo yaishe, kwa sababu ya ngazi.

Siku ya kukata hogo watoto hulia wakiona msumeno. Ninauwasha, ninauweka juu ya kiganja changu mwenyewe. Meno yanatetemeka tu, hayazunguki. Ngozi laini inatetemeka nayo, plasta ngumu ndiyo inayokatika. Ndani utakuta mguu mwembamba, mkavu, una magamba na nywele ndefu. Usiukwangue kwa jiwe. Loweka, paka mafuta, anza mazoezi ya viungo siku hiyo hiyo. Na uje na kiatu cha pili. Nimewaona wangapi wakirudi Himo na daladala, mguu mmoja umevaa, mwingine peku.